Niliyojifunza nikiwa upande wa pili wa meza ya ruleti

Kitu cha kwanza unachofundishwa ukianza kazi ya udila wa ruleti, yaani kuchezesha kasino lile gurudumu la namba, ni tebo, kabla hata hujakigusa kile kipira kinachozunguka ndani yake. Tebo ya 35, ya 17, ya 11, ya 8, ya 5, unazikariri mpaka unaziota usiku, manake chipu moja (kile kipande cha kuchezea badala ya hela) iliyokaa juu ya namba yenyewe inalipwa 35, iliyokaa kwenye mstari kati ya namba mbili inalipwa 17, ya safu ya namba tatu 11, ya kona inayogusa namba nne 8, ya safu mbili kwa pamoja 5, na mteja anataka hela yake sasa hivi huku kamera iliyo juu ya kichwa chako inataka ulipe sawasawa. Namba imeingia, unaweka alama juu yake, unafagia chipu zote zilizoliwa, afu unasoma kilichobaki. Mbili juu ya namba, tatu za mstarini, moja ya kona. 70 na 51 na 8, jumla 129. Unakata marundo ya ishirini ishirini, unaongeza tisa, unasukuma, unaonyesha viganja vyote viwili kwa kamera kwamba hujabaki na kitu, unaendelea.

Sasa ukikaa na zile tebo muda mrefu lazima swali likujie: kwa nini 35? Gurudumu la kawaida lina vyumba 37, namba 1 mpaka 36 na ile sifuri ya kijani. Ukiweka chipu moja kwenye kila namba, zote 37, hakuna namna ya kukosa, namba lazima iingie, na ikiingia unalipwa 35 pamoja na ile chipu yako iliyokuwa pale, una 36 mkononi. Uliweka 37. Chipu moja imekwenda. Hiyo chipu moja kati ya 37, asilimia 2.7, ndo biashara nzima ya ruleti, ndo inayolipa taa, kapeti, vinywaji vya bure na mshahara wangu, na haihitaji gurudumu lililochezewa wala dila mwenye mkono wa ajabu kama wengi wanavyoamini. Wenye meza wanakulipa kama vile sifuri haipo, basi.

Na kinachochekesha ni kwamba hiyo bei, yaani hiyo asilimia unayokatwa, ni ileile popote unapoweka. Kwenye namba moja 2.7, kwenye kona 2.7, nyekundu na nyeusi 2.7. Watu walikuwa wananiuliza kila siku, dada hebu tuambie ukweli, dau gani ni zuri hapa, na mimi nilikuwa najibu yote sawa wanadhani nawaficha. Kama bei ya kila dau ni ileile basi na mchanganyiko wowote wa madau hayo bei yake ni ileile, huwezi kuchanganya vitu vyote vyenye hasara ya 2.7 ukapata kitu chenye faida, hata uvipange kwa ustadi gani.

Kuna jamaa mmoja nilimpenda sana, mstaarabu, alikuwa anakuja na mtindo wake wa kufunika namba 35, anaacha mbili tu. Anaweka chipu moja moja taratibu kama mtu anapanda mbegu, meza nzima inamsubiri, tukizungusha namba ikiingia kwenye zile 35 anapata 36, yaani faida ya chipu moja. Inatokea mara 35 kati ya 37, zaidi ya asilimia 94, kwa hiyo ukimwangalia kwa nusu saa unaona huyu bwana hapotezi kabisa. Namba inaingia, chipu moja. Namba inaingia, chipu moja. Afu inaingia moja ya zile mbili alizoziacha na mkono wangu unafagia chipu 35 kwa mkupuo. Hesabu yake kwa wastani: katika mizunguko 37 anakula mara 35 kwa chipu moja moja, anapata 35, na anapigwa mara mbili kwa 35, yaani 70. Anabaki chini kwa 35. Na jumla ya alizoweka ni 35 mara 37, gawanya mwenyewe, inarudi kulekule 2.7. Alichofanya ni kubadilisha sura ya hasara tu, badala ya kuuma kidogokidogo ikawa inamuuma mara chache lakini kwa meno yote.

Hilo ndo jambo lenyewe ninalotaka kulisema hapa manake ndo nililoliona likijirudia kwa kila sistimu iliyopita mbele ya meza yangu. Sistimu inachagua unapotezaje. Bei haiigusi.

Chukua ile maarufu kuliko zote ya kudabo, wengine wanaiita Martingale. Unaweka chipu 1 kwenye nyekundu, ukiliwa unaweka 2, ukiliwa 4, afu 8, 16, 32, 64, siku ukila unarudisha zote ulizopoteza na faida ya chipu moja, unaanza upya. Kwenye karatasi haina dosari na ndo maana kila mtu mwenye akili anaigundua mwenyewe siku moja akiwa kitandani na anadhani ni wa kwanza. Kwenye meza kuna kibao kidogo kinaonyesha dau la chini na dau la juu, tuseme la juu ni mara 100 ya la chini, kwa hiyo baada ya 64 hatua inayofuata ni 128 na hiyo meza haipokei. Una nafasi saba. Uwezekano wa kuliwa kwenye nyekundu ni 19 kati ya 37 (nyeusi 18 na sifuri), ukiuzidisha wenyewe kwa wenyewe mara saba unapata kama 1 kati ya 106. Watu wakisikia 1 kati ya 106 wanaona ndogo. Haya, cheza raundi 106 basi (raundi moja ni kuanzia chipu 1 mpaka ule au nafasi saba ziishe), utashinda 105 kwa chipu moja moja, una 105, na ile moja utapoteza 1+2+4+8+16+32+64 ambayo ni 127. Uko chini kwa 22.

Na raundi 106 sio nyingi kama unavyodhani. Kila raundi kwa wastani inaisha ndani ya mizunguko miwili hivi, kwa hiyo ni mizunguko mia mbili na kumi na kitu, na meza yenye watu wa kutosha inazunguka labda mara 40 kwa saa. Masaa matano na ushee. Ndo maana mtu wa kudabo anakuja leo anakaa masaa mawili anaondoka na faida, kesho anaondoka na faida, keshokutwa anamleta shemeji yake amfundishe, na wote wawili wanakuangalia wewe dila kwa huruma. Ukikaa mizunguko 200 uwezekano wa kukutana angalau mara moja na mfululizo wa kuliwa mara saba unapita nusu, yaani ni jambo la kutarajiwa kabisa, lakini likitokea utasikia mtu anasema leo gurudumu lina kitu.

Wapo wanaosema tatizo ni limiti ya meza, kwamba kasino imeiweka kwa sababu inaiogopa sistimu. Mimi nilisimama pale, hakuna msimamizi aliyewahi kuja mbio kwa sababu mtu anadabo, tena walikuwa wanapendwa manake wanakaa muda mrefu. Limiti iko pale kwa ajili ya yule tajiri mmoja anayeweza kuweka dau kubwa kiasi cha kuyumbisha hesabu za mwezi wa kasino yenyewe. Ukiondoa limiti ukampa mtu hatua kumi, atahitaji chipu 1,023 mfukoni ili kutafuta faida ya chipu moja, na mara 1 kati ya 784 hivi zote zinaondoka. Zidisha, toa, bei ni ileile.

Ile ya kupandisha chipu moja ukiliwa na kushusha moja ukila nayo ina wapenzi wake, wazee hasa, haina presha. Inaitwa kwa jina la d'Alembert, mwanahisabati wa Ufaransa wa karne ya 18, ambaye ni kweli alikuwa mtu mkubwa wa hesabu lakini kwenye uwezekano aliteleza vibaya, aliandika kwamba ukirusha sarafu mara mbili uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni theluthi mbili wakati ni robo tatu. Kwa hiyo mtu akikuringia jina la sistimu yake usitishike.

Sasa tuje kwenye ule ubao. Pembeni ya kila meza kuna skrini inaonyesha namba zilizotoka, na zingine zinakuandikia kabisa namba za moto na namba za baridi. Ukiomba karatasi na penseli ya kurekodi unapewa, bure. Mimi nilikuwa najiuliza hivi watu hawashtuki? Kasino gani itakupa silaha ya kuipiga, tena na penseli iliyochongwa? Ubao uko pale kwa sababu mtu akiona nyekundu sita mfululizo mkono wake unatoka mfukoni wenyewe. Nusu ya meza inaweka nyekundu kwa sababu iko moto, nusu inaweka nyeusi kwa sababu imechelewa, na mimi katikati nasubiri kusema dau zimefungwa. Wote wawili wanausoma ubao uleule, wanafikia majibu yanayopingana, na wote wawili uwezekano wao ni 18 kati ya 37.

Tarehe 18 Agosti 1913 kwenye kasino ya Monte Carlo nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo. Watu waliosimama pale walipofika katikati ya mfululizo wakaanza kumwaga hela kwenye nyekundu, kila mzunguko wanazidisha, manake haiwezekani tena, na ikawezekana, na tena, na tena. Kabla ya kuanza, uwezekano wa mizunguko 26 inayofuata kuwa nyeusi yote ni kama 1 kati ya milioni 137. Lakini ukishafika mzunguko wa 26 huku 25 zimeshapita, zile 25 hazipo tena kwenye hesabu, zimeshatokea, kilichobaki ni kipira na gurudumu ambavyo havina daftari. Hili ndo lilikuwa gumu kuliko yote kumweleza mteja, na niliacha kulieleza, unajibiwa tu "sawa dada ila we subiri uone."

Mtu wa daftari aliyewahi kushinda kweli yupo, tusiwe wachoyo. Karne ya 19, Mwingereza anaitwa Joseph Jagger, mtu wa viwanda vya nguo kwa hiyo alijua kwamba mashine yoyote inayozunguka ina ulemavu wake, aliajiri watu wamrekodie matokeo ya magurudumu ya Monte Carlo, akapata gurudumu lenye namba zinazotoka kuliko kawaida na akalikamua. Ila angalia alichokuwa anatafuta, alikuwa anatafuta chuma kibovu, hakuwa anangojea namba iliyochelewa. Siku hizi meza zinawekewa pima maji, gurudumu linakaguliwa, na namba zote zinaingia kwenye kompyuta ambayo itauona ulemavu mapema kuliko wewe. Na macho yetu ni dhaifu kwa kuuona: katika mizunguko 1,000 kila namba inatarajiwa kutoka mara 27, lakini kupanda au kushuka kwa 5 hivi ndo kawaida, na ukiwa na namba 37 za kuangalia, kuna moja au mbili zitatoka mara 37 au zaidi bila sababu yoyote. Hiyo ndo namba ya bahati ya mtu.

Swali la haki kabisa ambalo watu wananiuliza, kama mnatupiga hivyo mbona tunaona watu wanashinda? Wanashinda kweli, mimi ndo nilikuwa nawalipa. Mtu akicheza mizunguko 40 ya nyekundu na nyeusi kwa chipu moja, hasara yake ya wastani ni chipu 1 na kidogo tu, wakati bahati peke yake inaweza kumpeleka juu au chini kwa chipu 6 kirahisi. Kwa hiyo ndani ya saa moja, kama watu 37 katika 100 wanaondoka na faida, na hao ndo wanaopiga stori. Mchezeshe mtu huyohuyo mizunguko 10,000: hasara ya wastani inafika chipu 270, bahati inacheza kwenye 100 tu, na wanaobaki na faida ni wawili watatu wanne katika 1,000. Kasino ndo inacheza hiyo 10,000, kila wiki. Wewe unacheza 40. Kwa hiyo hamko kwenye mchezo mmoja japo mko meza moja.

Na hapa kuna hesabu moja ambayo nikiitoa watu wanagoma kabisa. Una chipu 100 na unataka zifike 200, hutaki kingine. Ukiziweka zote mara moja kwenye nyekundu, uwezekano wa kufanikiwa ni asilimia 48.6. Ukiwa mtu mwangalifu, unaweka chipu moja moja mpaka uzifikishe 200 au ziishe, uwezekano ni chini ya nusu ya asilimia moja. Sijakosea kuandika. Sababu ni kwamba wa kwanza amelipia bei ya 2.7 mara moja tu, huyu mwangalifu analipia kila mzunguko, zilezile chipu 100 zinapita chini ya mkono wangu mara nyingi mno na kila zinapopita zinanyolewa. Sisemi mtu aende akaweke mshahara wote kwenye nyekundu, we ukifanya hivyo usinitaje. Nasema kile tunachokiita nidhamu, kucheza kidogokidogo kwa subira usiku kucha, kwenye mchezo wa namna hii ndo njia ya uhakika zaidi ya kufika sifuri, na nimewaona watu wenye nidhamu kweli wakifika huko kwa utulivu mkubwa.

Kwa hiyo mimi nikiingia kasino siku hizi kama mgeni macho yangu hayaendi kwenye ubao, yanaenda kwenye vitu viwili vitatu. Kwanza nahesabu sifuri. Gurudumu la Kimarekani lina sifuri mbili, vyumba 38, malipo yaleyale 35, bei imepanda mpaka 5.26, karibu mara mbili, na watu wanakaa hapo wakati meza ya sifuri moja iko mita chache nyuma yao. Siku hizi zipo hata za sifuri tatu, 7.69, na zinajaa. Upande mwingine kuna meza ambazo sifuri ikitoka unarudishiwa nusu ya dau lako la rangi, hapo bei inashuka mpaka 1.35, ukiipata hiyo kaa.

Blakjaki ni habari nyingine manake karata zikishatoka hazirudi mpaka zichanganywe, yaani yaliyopita yanahesabika kweli. Mwaka 1956 wanajeshi wanne wa Marekani walichapisha jedwali la wakati gani uombe karata na wakati gani utulie, na ukilifuata bila kubisha kwenye meza yenye sheria nzuri bei inashuka mpaka kama nusu asilimia. Miaka michache baadaye mwanahisabati Edward Thorp akaonyesha kwamba ukihesabu karata zilizotoka unaweza kuigeuza ikawa faida, na kasino zikaanza kuchanganya mapema na kuongeza pakiti. Lakini kwa mchezaji wa kawaida kuna vitu viwili vya kuangalia. Kibao kikisema blakjaki yenyewe (rea, ile karata ya A, pamoja na karata ya kumi) inalipwa 6 kwa 5 badala ya 3 kwa 2, nyanyuka, hapo wameongeza kama asilimia 1.4 kwa mstari mmoja wa maandishi. Na bima, yaani dau la pembeni kwamba dila ana blakjaki, dila akionyesha rea anakuuliza unataka bima, anauliza kwa sauti ya mtu anayekujali (tunafundishwa). Bima inalipa 2 kwa 1, kwa hiyo ingekuwa haki kama theluthi moja ya karata zilizobaki ni za kumi (10 zenyewe na zile za picha), na kwa kawaida ni 4 kati ya 13, haifiki. Bakarati, mchezo wa karata wa kubashiri upande upi utashinda, benki au mchezaji, dau la benki bei yake ni kama 1.06, la mchezaji 1.24, na la sare linalolipa 8 linapita 14. Pale katikati ya meza, lenye rangi nzuri. Sloti, zile mashine za kubonyeza, sina mengi, bei huioni na unaweza kubonyeza mara mia kadhaa kwa saa, inatosha kujua hivyo.

Kuhusu kiasi gani cha kuweka, ambalo ndo watu wa sistimu wanalipenda, fomula ya maana ipo. Aliitoa mtafiti John Kelly mwaka 1956 akiwa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani: kwa dau linalolipa 1 kwa 1, chukua uwezekano wa kushinda toa uwezekano wa kushindwa, jibu ndo sehemu ya mtaji wako unayotakiwa kuweka. Thorp aliitumia kwenye blakjaki yake. Ukiiweka kwenye nyekundu ya ruleti unapata 18 kutoa 19, gawanya kwa 37, hasi. Hasi maana yake fomula inakutaka ulibebe dau la upande wa pili, kule nilikokuwa nimesimama mimi, na kule mteja haruhusiwi kuweka hela. Na sisi madila tuliosimama huko tulikuwa tunalipwa mshahara tu, ile 2.7 hatukuwahi kugawiwa.